Barua ya wazi kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji: muhuri wenu si wa kumalizia ubakaji

Wanangu wenyeviti, mabalozi wa nyumba kumi, na nyie wazee wenzangu mnaoitwa kukaa vikao vya familia,

Marahaba, nawaitikia kabla hamjaniamkia, maana nikianza kusema huenda salamu ikasahaulika.

Kuna karatasi inazunguka mitaani kwetu Tanzania na imenichosha. Imechanwa kwenye daftari la shule, ina mistari minne: pande zote mbili zimeridhiana, mlalamikiwa atatoa laki tatu na mbuzi mmoja, suala limeisha. Chini yake kuna saini mbili, dole gumba la bibi, na muhuri wa bluu wa serikali ya mtaa. Mbuzi ametajwa. Mtoto aliyebakwa hata jina lake halimo.

Nani kawapa mamlaka hayo? Ubakaji ni jinai, anayeshtaki ni Jamhuri. Baba wa mtoto hana cha kusamehe hapo, na mwenyekiti hana cha kusuluhisha. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka hapati chini ya miaka 30 jela. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Yaani kwenu. Mmewekwa mlangoni mpokee taarifa, nyie mnaigeuza posho ya kikao.

Sasa tupige hesabu ya saa, maana hapa ndipo mnapoua bila kujua. Mtoto katendewa Ijumaa saa moja usiku. Dawa ya kumkinga na virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Kisha inamezwa siku 28 bila kuruka. Basi mwisho ni Jumatatu saa moja usiku. Nyie mnasema kikao kiwe Jumapili baada ya ibada. Jumapili mnasema tumsubiri mjomba, yuko njiani anatoka Morogoro. Mjomba anafika Jumanne, anachinjiwa kuku. Dawa imeshapitwa. Kidonge cha kuzuia mimba, kwa binti aliyevunja ungo, kinaweza kutolewa hadi siku ya tano, nacho kadiri kinavyowahi ndivyo kinavyofaa. Mjomba angefika tu na mtoto akiwa amekwisha kutibiwa, kuku asingekimbia.

Kwa hiyo hospitali kwanza, usiku huo huo, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ifuatiliwe wakati mtoto anahudumiwa. Mkiwa karibu na hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, nendeni hapo: daktari, polisi na ustawi wa jamii mnawakuta pamoja. Kwingine, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Akina mama, najua mkono unakwenda wenyewe kwenye maji ya uvuguvugu na chumvi. Uzuieni. Asiogeshwe, nguo ya ndani isifuliwe, na kama mdomo ulihusika asipige mswaki. Kila nguo iingie mfuko wake wa karatasi ya khaki, si wa plastiki: plastiki inatunza unyevu, ukungu unaota, mkemia hapati kitu. Nguo iliyolowa ianikwe kivulini kwanza, mbali na jua na pasi. Kama ameshaogeshwa, mpelekeni vilevile, dawa haijali kuoga.

Na acheni kumsimulisha. Aulizwe mara moja tu, na mtu mmoja anayemwamini: nani, wapi, lini. Andikeni maneno yake kama alivyoyatoa, na saa aliyoyatoa. Mahakama zetu huzingatia sana jina la mtuhumiwa lililotajwa mapema. Likitajwa baada ya wiki mbili za vikao, wakili wa utetezi ataulizia hizo wiki mbili, na huyo mtuhumiwa atarudi kupita mbele ya nyumba ya mtoto. Mkimsimulisha mbele ya watu kumi, zitazaliwa hadithi kumi. Tena mnamkalisha mkeka mmoja na aliyemtenda! Aibu yenu hiyo, si yake.

Mengine kwa ufupi. Bebeni kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, kesi nyingine huanguka kwa sababu umri haukuthibitishwa. Kukosa michubuko si kukosa ushahidi, sheria haidai alama za kupigana. Aliye chini ya miaka 18 msiulize kama aliridhia. Watoto wa kiume nao wamo: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Sehemu za siri ziitwe kwa majina yake mbele ya mtoto, maana anayeambiwa "kidude" atashindwa kueleza kaguswa wapi.

Mnasema mnalinda heshima ya familia. Familia ipi? Aliyefanya mara nyingi ni baba mdogo, jirani, bodaboda wa kumpeleka shule, mtu ambaye wote mnamwamkia. Mkimlipisha mbuzi mmempa bei, na mwenye bei hurudi sokoni. Mficha uchi hazai, wanangu.

Kesho mkifungua ofisi, bandikeni ukutani namba 116, simu ya bure ya kutoa taarifa za watoto, na jina la kituo cha karibu kinachotoa dawa ya kinga usiku. Halafu ulizeni bodaboda anachukua kiasi gani kwenda huko saa nane za usiku, kwenda na kurudi, watu wawili. Fedha hiyo ikae kwenye bahasha ofisini, mama mtu asianze kuzungushwa kutafuta nauli.