Msizipasue sauti za taarab yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wetu wanaotoa nyimbo za zamani kwenye kanda, wakaziingiza kwenye kompyuta, kisha wakatujazia kwenye flashi na memori kadi. Wanatufaa sana. Bila wao, taarab ya vikundi vya Black Star na Lucky Star ingeozea makabatini. Ila wakifika kwenye kuongeza sauti, wanaiharibu.

Hivi majuzi nilinunua flashi ya nyimbo hizo hapa Ngamiani. Mwimbaji akianza taratibu, unamsikia vizuri. Akipandisha tu, sauti inakwaruza, besi inanguruma na maneno yanapotea. Taarab isiyosikika maneno ina faida gani kwa mtu wa Tanga? Nikamwomba fundi anifungulie wimbo mmoja kwenye skrini. Vilele vya mawimbi vyote vilikuwa bapa, kama ua wa michongoma uliopitishwa mkasi.

Kwenye kompyuta sauti hupimwa kwa desibeli, na mwisho wake wa juu ni sufuri. Ukiongeza desibeli 6, kimo cha wimbi kinakuwa maradufu, na likivuka mwisho huo linakatwa kileleni. Ukishahifadhi faili hivyo basi tena. Hata ukipunguza sauti baadaye, kilichokatwa hakirudi.

Najua wanachotafuta. Mteja anataka nyimbo zilingane, asihangaike na kitufe kila wimbo unapobadilika, na ni haki yake. Lakini sikio halifuati kilele, linafuata wastani. Ndiyo maana mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ulipendekeza sauti ya vipindi isawazishwe kwa wastani wa kipindi kizima. Basi zishusheni zenye kelele zilingane na zile za chini. Anayetaka sauti kubwa ataongeza mwenyewe kwenye redio yake. Tena kanda nyingi zina mvumo, na ukipandisha wimbo, mvumo nao unapanda.

Ninaloliomba zaidi ni hili: nakala ya kwanza iliyotoka kwenye kanda isiguswe, hata kama sauti yake ni ndogo. Marekebisho yafanyike kwenye nakala nyingine. Kanda zenyewe zinaota ukungu kwa unyevu wa pwani, na nyingine zikichezwa mara moja zinakatika.

Nanyi wenye kanda majumbani, kuanzia Chumbageni hadi Makorora, mkimpa mtu awahamishie, mdaini nakala hiyo ya kwanza kabla hamjamlipa.

Mpenzi wa taarab,
Ngamiani, Tanga