Solo ya besi si muda wa kununua soda

Ndugu Mhariri,

Washereheshaji wa hapa Dodoma wana utani wao: bendi ikimwachia mpiga gitaa la besi jukwaa, wanatangaza kwamba huo ndio muda wa kwenda kununua soda. Tunaomba nafasi kwenye safu yako tuupinge utani huo, japo nusu tu. Watu huondoka kweli. Ila hawaondoki kwa kuwa besi haina la kusema. Wanaondoka kwa kuwa kinachowafikia kule viti vya nyuma ni mvumo, na mvumo haufuatiliki.

Lawama nyingine iko kwenye neno lenyewe. Katika dansi letu "solo" ni gitaa: lipo la solo, lipo la ridhimu, lipo la besi, kila moja na mtu wake. Ukitangaza solo ya besi, msikilizaji anajiandaa kupata sebene kwa sauti nene, halafu haipati. Kwenye jazz fyuzheni, yaani jazz iliyochanganywa na roki, solo ni zamu ya mtu kubuni papo hapo, na besi hupewa zamu hiyo hata bendi nzima ikiwa imenyamaza. Jaco Pastorius, Mmarekani aliyejiunga na bendi ya Weather Report mwaka 1976, alikuwa akinasa kipande kifupi jukwaani kwenye mashine ya mwangwi, kinajizungusha chenyewe, naye anabuni juu yake. Richard Bona wa Kameruni hufanya hivyo kwa sauti ya kinywa chake, tabaka juu ya tabaka.

Tuanze na mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti. Uzi mnene kuliko yote wa besi hutoa noti E, mitetemo 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. Spika nyingi za kukodi huchoka kabla ya kufika chini huko, kwa hiyo fundi anapandisha besi, spika zinakoroma, na noti bado hazitambuliki. Kazi ya kidole husikika kwenye 700 hadi 900 Hz. Hapo ndipo pa kuongeza desibeli 3 au 4 zamu ya solo ikifika. Punguza 3 kwenye 250, inakokaa ile sauti ya boksi, na ukate kila kilicho chini ya 35. Besi ya nyuzi 4 haina noti huko, kuna mitetemo ya jukwaa tu. Kisha pandisha chaneli nzima desibeli 4 hadi 6. Mafundi wengi hufanya kinyume: wakiisikia besi iko peke yake, wanadhani imezidi, wanaishusha.

Ukumbi nao una noti yake. Dari likiwa mita 4 kutoka sakafuni, na vyote viwili ni vigumu, mawimbi ya takriban 43 Hz husimama katikati. Hiyo ni noti F, freti ya kwanza (kijichuma cha kwanza cha shingoni) kwenye uzi wa E. Itanguruma peke yake huku jirani zake zimelala. Usiadhibu besi yote kwa kosa la noti moja. Shusha 43 kwa kichujio chembamba, au mpiga besi ahamie ufunguo usioitegemea F ya chini.

Umeme ndio unaoaibisha zaidi. Wetu ni volti 230, 50 Hz, na G ya freti ya tatu kwenye uzi wa E ni 49. Mvumo wa umeme ukiwa umeingia kwenye mfumo, ukiishika G hiyo sauti inapumua, inakuja na kuondoka mara moja kila sekunde, na watu wanadhani gitaa halijatyuniwa. Besi ya aina ya Jazz Bass ina pikapu mbili (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) ambazo zikifunguliwa sawasawa zinauana mvumo. Anayetaka ile sauti ya puani ya Jaco hufunga ya mbele akaacha ya nyuma, na mvumo unarudi dakika ile ile ambayo bendi imenyamaza. Mwache ya mbele ifunguke kidogo. Amplifaya, pedali na mikisa vichukue umeme sehemu moja, na boksi la DI, linalounganisha besi na mikisa, liwe lenye swichi ya kutenga ethi, yaani waya wa ardhini. Kuna wanaong'oa pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Unaisha kweli, lakini mkono ukiwa kwenye nyuzi na mdomo kwenye maikrofoni, umeme ukivuja njia yake ni mwili wako.

Pedali ya kuzungusha sauti ina mtego mmoja mkubwa, nao ni mguu. Mapigo 96 kwa dakika, baa 4 za mapigo manne, ni sekunde 10 kamili. Mguu ukichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde wakati wa kufunga mzunguko, mpiga ngoma anayehesabu kwa usahihi atakuwa nje karibu pigo zima baada ya mizunguko sita. Kanyaga kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata, usingoje noti ya mwisho iishe. Tabaka la kwanza libebe noti ya msingi na ya tano ya ngazi tu. Ukitia ya tatu umeshaamua kama ngazi ni meja au maina, na kubuni kwako juu yake kumefungwa pingu. Tabaka la pili liwe mgongo wa nyuzi zilizozibwa kwa kiganja, la tatu likae juu: A kwenye freti ya 5 ya uzi wa E pamoja na C kali kwenye freti ya 6 ya uzi wa G. Noti hizo mbili zikisogezwa karibu kule chini, zinageuka uji. Tabaka la nne halihitajiki.

Kuhusu kiangazi cha hapa, kifupi: mbao hukauka, shingo hunyooka kupita kiasi, freti za mwanzo zinakwaruza. Kandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya saba; iwe kama milimita 0.3. Ikiwa haipo, legeza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, ngoja hadi kesho yake.

Tunachotamani sana vijana wakijaribu ni kuigeuza besi isikike kama ilimba, ala ya Wagogo ya vijichuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ngazi ya muziki wa Wagogo, kwenye ilimba, kwenye zeze na katika kuimba, haikutoka kwenye piano. Imejengwa juu ya milio ya asili, ile inayotoka uzi ukiguswa bila kukandamizwa. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha sauti hiyo hadi majukwaa ya Ulaya. Milio hiyo hiyo imelala ndani ya besi. Uzi wa kawaida una milimita 864 kutoka kijiti cha kichwani hadi kwenye daraja, nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa. Pima kutoka kichwani kwenye uzi wa A: 173, 144, 123, 108 na 96. Gusa hapo, chomoa kwa mkono wa kulia karibu na daraja, inua kidole papo hapo. Utapata 275, 330, 385, 440 na 495 Hz.

Ile 385 ndiyo yenyewe. G ya kinanda ni 392, kwa hiyo kipima tyuni kitakuambia umekosea. Hujakosea, na mzee aliyekulia kwenye ilimba hatakuona umekosea. Mpiga kinanda ndiye wa kuonywa: akiigusa G yake, sauti mbili zitagongana mara saba kwa sekunde. Abaki na A na E, au afumbate mikono. Nyuzi kuukuu hazitoi milio hii, zitabaki kufoka tu. Na kati ya 108 na 96 kuna milimita 12, pungufu ya upana wa vidole vingi, basi tumia ncha, usitumie tumbo la kidole. Mpiga ngoma aachie yale matoazi mawili ya mguuni peke yake. Kama kuna mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, jirani, hata hayo matoazi hayana haja.

Kwa waandaaji tuna maombi mawili. Kabla milango haijafunguliwa, mpeni mpiga besi dakika 10 apande noti moja moja kutoka E ya chini hadi freti ya 12 ya uzi wa G, fundi akiwa amesimama viti vya nyuma, si nyuma ya mikisa. La pili ni la mshereheshaji: maikrofoni ikae kwenye kiti mpaka noti ya mwisho ife yenyewe.

Wapiga besi na mafundi sauti,
Dodoma