Waione njia kabla ya kutaja bei

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mama. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kwamba ile nyumba ya shamba hatimaye imekuwa yenu. Nimefurahi zaidi kwa ajili ya mama, maana najua alivyochoka na kelele. Lakini kuna sentensi moja umeipitia haraka, nami imenikalia kichwani tangu niisome. Umesema kutoka barabara kuu hadi mlangoni kuna njia ya udongo ya kama mita 300, nyembamba, ina kona katikati na kilima karibu na nyumba. Halafu ukaendelea kwamba umeshampata mwenye lori, bei yake ni nzuri, na mmemalizana kwa simu bila yeye kuomba hata picha.

Usimlipe kwanza, tafadhali. Simwiti tapeli, huenda ni mtu mwema na vijana wake ni wachapakazi. Ila bei aliyokupa ni ya kubeba vyombo, na kwa safari yenu vyombo ndiyo kazi nyepesi. Kabati, kitanda na friji vijana wenye uzoefu wanavijua hata wakiwa wamefumba macho. Kitakachoamua kama mtalala nyumbani kwenu usiku huo au la ni ile njia. Mtu anayekutajia bei bila kuiona, akifika hapo atafanya moja kati ya mawili: ataongeza bei vyombo vyenu vikiwa tayari ndani ya lori lake na nyinyi hamna la kufanya, au atashusha kila kitu kando ya barabara na kuwaaga.

Dada yangu yalimkuta hayo ya pili. Kampuni aliyoipata ilimuuliza ana vyumba vingapi, ana makabati mangapi, kama kuna piano. Kuhusu njia hakuulizwa neno. Lori lilipofika getini dereva aliteremka, akatembea hadi kwenye kona, akaitazama, akarudi akitikisa kichwa. Alikuwa na haki, maana lori lile lisingepita hata kwa miujiza. Lakini karatasi aliyosaini dada ilisema watafikisha mzigo "hadi mahali ambapo gari linaweza kufika salama", na salama yao iliishia getini. Tulibeba mpaka giza likaingia. Magodoro yalilowa kwa manyunyu kabla hatujapata turubai. Bado inaniuma, kwa sababu swali moja tu kwenye simu lingetosha kuyazuia yote.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya kuzungumza na mwenye lori yeyote, shika futi kamba uende ukaipime njia mwenyewe. Anza na geti. Bodi ya lori kubwa la mizigo huwa na upana wa kama mita 2.5, na ukijumlisha vioo vya pembeni unakaribia mita 3. Geti ambalo gari dogo linapita likiwa na nafasi ya kufungua milango linaweza kuwa finyu kabisa kwa lori. Hali ni mbaya zaidi kama lori linaingia likiwa linakata kona kutoka barabarani, kwa kuwa hapo haliingii limenyooka. Angalia pia kama mabawa ya geti yanaweza kung'olewa kwenye bawaba kwa siku moja. Mara nyingi hizo sentimita chache ndizo zinazokosekana.

Kisha tazama juu. Malori mengi yenye bodi ya sanduku yana kimo cha kati ya mita 3 na 4. Kata ufito wa mita 4, tembea nao ukiwa umeusimamisha wima katikati ya njia, na kila tawi unaloligusa liwekee alama ya kukatwa. Lakini palipo na nyaya za umeme usiusogeze huo ufito hata kidogo. Nyaya zikadirie kwa macho ukiwa mbali, na zikionekana kuning'inia chini waite wenye umeme wao wenyewe. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: lori likiwa na mzigo springi zake hubonyea, na likishashusha hunyanyuka. Tawi lililopitwa kwa upenyo mdogo asubuhi linaweza kukwaruza paa la lori jioni likitoka tupu. Kwa hiyo ukate kwa ukarimu.

Kona ndiyo inayonitia hofu zaidi. Magurudumu ya nyuma ya lori hayafuati mapito ya yale ya mbele. Huikata kona kwa ndani, na kadiri lori lilivyo refu ndivyo yanavyozidi kuingia ndani. Umesema upande wa ndani wa kona yenu kuna mtaro. Hapo ndipo gurudumu la nyuma litakapodumbukia, hata dereva akiwa hodari namna gani. Pima upana wa njia pale pale kwenye kona, si kabla yake wala baada yake, kuanzia ukingo wa mtaro hadi kwenye ua wa jirani. Kama kuna jiwe au nguzo inayoweza kuondolewa, iandike.

Kuhusu kilima, usiniambie tu kwamba ni kikali au si kikali, maana kila mtu na macho yake. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na pimamaji. Laza ubao kwenye mwinuko, unyanyue ule upande wa chini mpaka kipovu kikae katikati, kisha pima pengo kati ya ubao na ardhi pale kwenye ncha uliyoinyanyua. Pengo la sentimita 20 ni mwinuko wa asilimia 10, na la sentimita 30 ni asilimia 15. Asilimia 10 kwenye ardhi kavu na ngumu si tishio kwa dereva anayejua kazi. Ukikaribia 15, na udongo wenyewe ni wa kuteleza, mimi nisingelipeleka lori kubwa hapo. Chunguza pia pale kilima kinapoanzia: ikiwa ardhi inabadilika ghafla kutoka tambarare kwenda mwinuko, ile sehemu ya bodi inayochomoza nyuma ya magurudumu itakwangua chini, na lori lenye jukwaa la kunyanyulia mzigo nyuma ndilo huumia zaidi.

Na usidhani likishafika juu hatari imekwisha. Kama baada ya kushusha itabidi lipande tena mahali popote kutoka, kumbuka lori tupu halina uzito wa kukandamiza magurudumu ya nyuma, nayo kwenye udongo uliolowa huzunguka bure. Wengi hukwama wakati wa kutoka.

Udongo wenyewe nao uutazame kwa heshima. Gari lenu lina uzito wa kama tani moja na nusu. Lori la ekseli 2, yaani mihimili miwili ya magurudumu, likijaa linaweza kufika tani 18. Njia iliyobeba gari lenu kila siku haijathibitisha chochote kuhusu lori hilo, na lile kalvati unalolisema karibu na geti, lile daraja dogo la kupitisha maji chini ya njia, ndiyo kabisa. Muulize aliyewauzia: ni gari gani kubwa kuliko yote lililowahi kufika mlangoni, na lilikuwa na mzigo au tupu? Hilo ndilo swali la haraka kuliko yote, na jibu lake litakuokolea muda mwingi. Akikuambia lori la mchanga lilifika wakati wa ujenzi, hiyo ni habari njema kwa kalvati na kwa kilima, lakini bado haijajibu kuhusu kona, kwa sababu malori mengi ya mchanga ni mafupi kuliko ya kuhamishia nyumba.

Sasa, nikikisia kwa ulivyoieleza, naona jibu lenu ni malori mawili. Kubwa linaegeshwa mahali pakavu na imara karibu na barabara, na dogo, au hata pikapu yenye turubai, linazungusha mzigo hadi nyumbani. Watu wa kazi hii wanaijua njia hiyo vizuri. Haifurahishi mfuko, maana kila kitu kinashikwa mara mbili na saa zinaongezeka, lakini naipenda kuliko kubahatisha. Lori kubwa likikwama, gari la kulivuta huenda likagharimu kuliko kazi nzima ya kuhama, na mtakuwa mmeziba njia ambayo hata jirani anaitumia.

Mkifanya hivyo, kuna mambo matatu manne ya kukubaliana mapema. Lori kubwa litasimama wapi? Pasiwe kwenye kona ya barabara wala penye katazo. Kama jirani ana uwanja, mwendee kwa heshima wiki moja kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Nani atabaki kulinda mzigo wakati dogo liko njiani? Vijana wagawanywe, wengine wakae kwenye lori kubwa na wengine nyumbani, la sivyo watakuwa wanasafiri na kila shehena wakipoteza muda. Na upakiaji upangwe kwa hesabu: kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Kitanda cha mama, godoro lake, dawa zake na taa viingie mwisho kabisa. Giza likiwakuta na nusu ya mzigo bado barabarani, angalau yeye awe na pa kulala.

Baada ya hapo ndipo umwite mwenye lori aje aione njia. Asije na gari dogo akaishia kusema "itapita tu". Atembee kwa miguu kutoka barabarani hadi mlangoni ukiwa naye. Kama yuko mbali kweli, mpelekee video na vipimo vyako. Nimegundua kwamba namna mtu anavyoitazama njia inakuambia mengi juu yake. Anayeuliza mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, anayekanyaga ukingo wa mtaro kwa kisigino kujua kama ni laini, huyo mpe kazi hata kama bei yake imezidi kidogo.

Bei iandikwe, na iandikwe ikiwa imeitaja njia. Iseme watabeba kwa mikono umbali gani bila malipo ya ziada, maana wengine huanza kuhesabu baada ya mita chache tu kutoka lori lilipo. Iseme lori dogo limo ndani ya bei au ni la kulipiwa peke yake. Iseme nani atalipa gari likikwama, na nani atatengeneza geti, kalvati au ua wa jirani likivunja. Bima nayo uliza kwa undani: je, inahesabu vyombo vikiwa kwenye lori dogo, na vikiwa vimewekwa chini vikisubiri? Nyingine hukoma mzigo unapotoka kwenye gari la kwanza. Na jambo ambalo usikubali kuliacha hewani: mvua ikinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, muweze kusogeza tarehe bila kupoteza malipo ya awali. Mwenye kazi anayejiheshimu atakubali, kwa sababu na yeye hataki lori lake lizame.

Siku yenyewe anzeni alfajiri. Mtu mmoja asimame pale njia yenu inapochepuka, maana ramani za simu huweka nyumba za shamba mahali pasipo pake, na mtandao huenda usishike. Kama hakuna pa kugeuzia juu, lori liingie kwa rivasi kukiwa na mwanga, na utingo atembee upande ambao dereva anamwona kwenye kioo. Muwe na kabari nzito mbili za kuwekea magurudumu pale kilimani, na mbao za kutandika penye tope. Friji isafiri imesimama. Ikilazimika kulazwa, iacheni isimame saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Na dereva akisema hapa sipiti, swahiba, usimsukume. Mwambie shemeji naye asimsukume. Yeye ndiye anayejua breki zake zikoje, na ndiye atakayekuwa ndani ya lile lori likianza kurudi nyuma.

Mama asiwe hapo siku hiyo. Kama mna jamaa wa kukaa naye, abaki huko mpaka njia iwe wazi na kitanda chake kiwe kimeunganishwa na kusimamishwa chumbani. Najua atasema anataka kusimamia vyombo vyake mwenyewe. Mwambie ni mimi niliyeomba, labda atakubali.

Nitumie video ya njia nzima kabla hujajibu simu ya yule bwana: tembea kutoka barabarani hadi mlangoni bila kukata, na kwenye kona usimame uzungushe simu taratibu pande zote. Ukiweza irekodi siku moja baada ya mvua. Vipimo niandikie pembeni, nami nitakujibu siku hiyo hiyo. Tarehe mkishaipanga nijulishe, nije na mikanda yangu ya kufungia mzigo pamoja na turubai lile kubwa.

Wako wa siku zote,
Swahiba wako