Barua ya wazi kwa mdogo wangu: ndiyo, Bodiroga hakucheza NBA

Mdogo wangu,

Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza yote, mpaka pale unapocheka na kuuliza, "Sasa kaka, huyo Bodiroga ni nani? Mbona hakucheza NBA?" Ningekujibu kimyakimya, ila najua wenzako wa pale Donbosco wana swali hilohilo, na wote mna msimamo mmoja: Marekani au basi. Na wewe sasa una ofa mezani, ya ligi ambayo unasema hujawahi kuisikia. Acha nijibu hadharani tumalizane.

Ni kweli, hakucheza NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, hata dakika moja. Sacramento Kings walimchagua kwenye drafti ya 1995 (pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), nafasi ya 51, na jina lake likabaki kwenye makaratasi yao. Mwenyewe aliendelea kucheza Ulaya miaka 12 mingine, nje ya kwao, na leo ukiwauliza wazee wa kikapu wa Athens au Barcelona wakutajie wageni bora waliowahi kuwaona, hutasubiri sana kulisikia jina lake.

Dejan Bodiroga alizaliwa 1973 Zrenjanin, kaskazini mwa Serbia, akakulia Klek, kijiji cha jirani. (Kijiji hichohicho kimetoa ndugu wawili wa akina Grbić, mabingwa wa Olimpiki wa voliboli mwaka 2000. Sijui wanakula nini huko.) Akiwa na miaka 16 aliondoka nyumbani kwenda Zadar, pwani ya Kroatia, enzi hizo bado ni Yugoslavia moja. Aliyemchukua ni Krešimir Ćosić, mwenyeji wa Zadar. Na huyu Ćosić umsikilize vizuri: alisoma na kucheza chuo kikuu huko jimbo la Utah, Marekani, timu za NBA zikamchagua, akazikatalia na kurudi kucheza kwao. Baadaye akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la kikapu kulekule Marekani. Mtoto aliyefunguliwa mlango wa kwanza na mtu wa aina hiyo hawezi kukua akidhani duniani kuna njia moja tu.

Kisha vita ikaja, nchi ikasambaratika, na kijana wa Kiserbia hakuwa tena na nafasi Zadar. Mwaka 1992 akavuka kwenda Trieste, Italia, kwa kocha Bogdan Tanjević, mtu wa kwao kutoka Montenegro. Mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukaiwekea Yugoslavia vikwazo, na michezo ikiwemo. Kwa hiyo fikiria: una miaka 19, uko ugenini, na timu yako ya taifa hairuhusiwi kucheza popote. Ilikuja kurudi mwaka 1995, Athens, na ikatwaa ubingwa wa Ulaya hapohapo, naye akiwemo.

Sasa ngoja nikwambie habari ya Trieste, maana hii hamuisimulii mkiongelea "kutoka". Mwaka 1994 timu ilifika fainali ya Kombe la Korać, shindano la klabu za Ulaya, ikafungwa na PAOK ya Ugiriki. Mwaka huo mdhamini, Stefanel, akafungasha: akahamia Milano na pesa zake, na kocha na wachezaji muhimu, Bodiroga akiwemo. Mwaka 1995, wakiwa Milano, wakafika fainali ileile, wakafungwa na Alba Berlin. 1996 wakarudi tena, wakafungwa na Efes Pilsen. Fainali 3 mfululizo, zote kapa, na katikati ya hayo unahamishwa mji kwa sababu tajiri kabadili mawazo. Mwaka huo wa 1996 ndipo Milano walipochukua ubingwa wa Italia na kombe. Wewe ulifungwa nusu fainali moja ya mkoa ukatoweka kwenye grupu wiki nzima.

Real Madrid nitapita haraka: misimu 2, kombe moja la Ulaya mwaka 1997, ubingwa wa ligi hakuupata. Lakini pale alikutana na kocha Željko Obradović, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Mwaka 1998 alikwenda Panathinaikos, Athens. Mwaka uliofuata Obradović akatua hapohapo. Wawili hao wakachukua ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 2000, kwa kuwafunga Maccabi Tel Aviv, na tena 2002 kwa kuwafunga Kinder Bologna, wakiwa mjini kwao Bologna, Manu Ginóbili akiwa upande wa wenyeji. Akahamia Barcelona mwaka 2002, na kocha alikuwa Svetislav Pešić, Mserbia mwenzake, aliyekuwa akimfundisha timu ya taifa. Ndani ya kikosi akakutana tena na mchezaji Gregor Fučka, waliyekuwa naye Trieste na Milano. Barcelona ile ilikuwa imepoteza fainali 5 za ubingwa wa Ulaya. Mwaka 2003 wakautwaa, nyumbani kwao, wakachukua na ligi na Kombe la Mfalme la Hispania.

Umeona? Tanjević, Obradović, Pešić. Wewe unaniuliza "ligi gani hiyo, mbona sijawahi kuisikia?" Jamaa, kwa ninavyomsoma, alikuwa akiangalia nani amesimama pale pembeni ya uwanja na anamtaka afanye kazi gani. Mji ukabadilika, lugha ikabadilika, ila aliyekuwa akimpangia mchezo alikuwa mtu anayemjua.

Na mchezo wenyewe! Mtafute kwenye YouTube, usilete uvivu. Hana mbio. Haruki. Ana mita 2.05, lakini anapandisha mpira mwenyewe kama mchezeshaji. Tazama ile chenga yake ambayo Wahispania waliiita mjeledi: anadunda polepole, anaunyosha mkono mbele na mpira kiganjani, anauacha karibu kabisa na mlinzi, kama mwenye duka anayekuonyesha kitambaa. Mlinzi akipeleka mkono tu, mpira umeshavutwa upande wa pili na mguu wa Bodiroga umeshapita. Walinzi walikuwa wanaijua. Walijadiliana kuihusu. Wakaendelea kupeleka mkono.

Ukitaka NBA, basi chukua hii. Kombe la Dunia 2002, Indianapolis. Yugoslavia waliwatoa Wamarekani robo fainali, 81 kwa 78, na Wamarekani hao walikuwa wachezaji wa NBA watupu, tena nyumbani. Fainali dhidi ya Argentina, zimebaki dakika kama 2, Yugoslavia wako nyuma kwa pointi 8. Uwanjani wapo Divac na Stojaković, wote wawili wa Sacramento Kings, ile timu iliyomchagua Bodiroga na haikumpata. Mpira ukapewa nani? Akafunga pointi 9 mfululizo, mechi ikaenda muda wa nyongeza, wakashinda 84 kwa 77. Yeye alimaliza na 27.

Sisemi NBA ni mbaya. Hasheem Thabeet alipochaguliwa nafasi ya 2 mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, nilishangilia kama Mtanzania yeyote, na bado najivuna. Ila kuchaguliwa juu hakukumpa dakika za kucheza, na wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba mrefu asiyechezeshwa hakui.

Kwa hiyo ile ofa, usiikatae kwa sababu haina jina. Wala usiikubali kwa sababu nimekuandikia barua ndefu. Mpigie wakala, muulize mambo haya: kocha ni nani na amewahi kukaa na wageni wangapi zaidi ya msimu mmoja; mchezaji wa nafasi yako aliyekuwepo mwaka jana yuko wapi sasa, na namba yake ya simu; mshahara unalipwa na klabu au na mdhamini, na mdhamini akijitoa katikati ya msimu nani anakulipa. La mwisho lisikwepwe, Trieste si mbali hivyo. Halafu nitumie mkataba wote, si picha ya ukurasa wa kwanza wenye tarakimu, niupitie kabla ya Jumapili. Na mama mwambie wewe mwenyewe, mimi simo.

Kaka yako