Vifuu viwili vya nazi na Mfalme Arthur: barua kwa mdogo wangu mchekeshaji

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwamba video zenu hazitachekesha mpaka mpate gari la kukodi, sare na kamera ya maana. Kabla hamjakopa hela ya mtu, kaeni jioni moja na wenzako mtazame Monty Python and the Holy Grail, filamu ya kuchekesha ya mwaka 1975 ya Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Nusu karne imepita na watu bado wanaikariri mstari kwa mstari, na wengine wanafunga safari hadi Uskoti kwenda kuona ilipopigwa. Nataka uelewe kwa nini, maana jibu lake linawahusu nyinyi kabisa.

Inaanza na ukungu. Unasikia kwato zinakuja. Anatokea Mfalme Arthur, yule wa ngano za kale za Waingereza, akirukaruka kwa miguu yake mwenyewe, mikono imeshika hatamu zisizokuwepo, na nyuma yake mtumishi Patsy, amelemewa na mizigo, anagonga vifuu viwili vya nazi. Farasi hakuna, kwa sababu hela ya farasi haikuwepo. Njia nyepesi ingekuwa kuficha: unampiga picha mfalme kuanzia kifuani, sauti ya kwato unaiweka baadaye. Mafundi sauti wa redio walishazoea kutengeneza kwato kwa vifuu miaka mingi. Hawa walimtoa fundi huyo mafichoni, wakamfanya mtumishi wa mfalme.

Lakini kifuu peke yake kinachekesha kwa dakika moja tu. Tazama wanachofanya baadaye. Askari aliye juu ya ukuta anaviona na kuuliza: nchi hii ya baridi, nazi imetoka wapi? Arthur anajibu kwamba huenda mbayuwayu aliibeba. Askari anakataa kwa hesabu: ndege wa wakia 5, yaani gramu 140 hivi, hawezi kubeba nazi ya ratli 1, karibu nusu kilo. (Na hapo amempendelea ndege. Mbayuwayu wa kweli, yule anayekuja kwetu Ulaya inaposhikwa na baridi, ana gramu 20 hivi.) Askari wa pili anaingilia: labda mbayuwayu wa Afrika? Anajibiwa kwamba huyo hahami. Basi labda wawili wakisaidiana, nazi wameifunga kwa kamba? Mfalme keshaondoka, wao bado wanabishana.

Katikati ya filamu msimulizi anawataja mbayuwayu tena, kwa kupitia tu, ili wasikutoke kichwani. Kisha, karibu na mwisho, mzee anayelinda daraja anawauliza wapita njia maswali matatu matatu, na anayeshindwa anarushwa bondeni. Arthur anaulizwa kasi ya mbayuwayu. Naye anamuuliza mzee: wa Afrika au wa Ulaya? Mzee hajui, na sheria yake mwenyewe inamrusha. Utani umepandwa dakika za mwanzo, umemwagiliwa maji katikati, umevunwa mwishoni. Video zenu zinapanda na kuvuna ndani ya sekunde tano, ndiyo maana mtu hazirudii.

Jambo la pili ni uso. Graham Chapman anaigiza Arthur kama mfalme wa kweli mwenye kazi nzito mbele yake. Hakuna hata mara moja anakonyeza mtazamaji. Waongozaji, Terry Gilliam na Terry Jones, walijaza picha matope, moshi na nguo chafu, ukiizima sauti utadhani ni tamthilia ya historia. Zile fulana za chuma ni sufu iliyofumwa na kupakwa rangi ya fedha, na mvua ya Uskoti iliziloanisha vibaya. Ruhusa ya ngome kadhaa ilifutwa muda mfupi kabla ya kuanza kazi, basi ngome moja, Doune, ikageuzwa ngome nyingi kwa kubadilisha upande wa kamera tu. Camelot, ngome ya Arthur inayoonekana kwa mbali, ni kibao kilichochongwa, na Patsy anasema hivyo waziwazi, kisha ananyamazishwa.

Haina ukamilifu. Kipindi cha ngome ya wasichana kimezeeka vibaya na ningekikata nusu. Mwisho wake unawaudhi wengi: jeshi linajipanga, vita vinakaribia, polisi wa kisasa wanafika na kumkamata mfalme. Hela ya vita haikuwepo pia. Mimi nautetea, kwa sababu polisi hao wamekuwa wakimtafuta muuaji tangu shujaa mmoja, huyo akiwa juu ya farasi wa kweli, alipompiga upanga mwanahistoria. Sababu ya mwisho ilishawekwa mapema.

Sasa kifuu chenyewe. Chukueni nazi iliyokomaa, toboeni jicho laini mtoe maji, muikate kiunoni kwa msumeno wa chuma. Msiipasue kwa kisogo cha panga kama ya kupikia: ufa utaenda kombo, kingo zitakuwa na meno, vifuu vitagusana sehemu moja na sauti itatoka nyembamba. Ikuneni kwa mbuzi mpaka ukutani, anikeni hadi kifuu kikauke kabisa, kisha mpige kingo msasa. Vikivuma mno, shindilieni kitambaa ndani. Mkitaka sauti ya kwato kwenye udongo badala ya mawe, jazeni mchanga kwenye beseni na mpige vifuu vikiwa vimeinamishwa.

Mapigo ndiyo yanayowashinda wengi. Farasi akitembea, kwato nne zinasikika moja moja kwa nafasi sawa. Akienda mwendo wa haraka ni mawili mawili. Akikimbia kiasi ni matatu, halafu kimya kifupi. Ukikiruka kimya hicho unasikika kama mtu anayebisha hodi. Simu iwe umbali wa nusu mita, ikisogea karibu zaidi sauti inapasuka. Na mgongaji aangalie miguu ya mwigizaji, asiangalie uso wake, la sivyo atacheka.

Anzeni na kutembea tu, bila muziki, mnitumie niisikilize kabla hamjahariri.

Dada yako