Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutazama nyota,

Katika mkutano uliopita mlipitisha kwamba mwaka mzima tushike jambo moja: nyota huzaliwaje, na gesi na vumbi vilivyo kati yake vina kazi gani. Niliingiwa na wasiwasi, maana wengi wetu tulijiunga kwa kupenda mwezi na sayari. Leo nasema mlichagua vizuri.

Tulianza Januari, Jabari, lile kundi la nyota liitwalo pia Orion, akiwa utosini. Katikati ya upanga wake, darubini ndogo huonyesha kitu kama moshi. Kwa darubini kubwa zikatokeza ndani yake nyota nne changa zilizobanana, miaka nuru kama 1,300 kutoka hapa (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mzee wetu mmoja alitazama hadi chai yake ikapoa, kisha akauliza, "Sasa moshi huu umetoka wapi?" Swali hilo ndilo lililotubeba mwaka mzima.

Juni tukageukia doa jeusi kando ya Msalaba wa Kusini. Linadhaniwa ni tundu, kumbe ni wingu la vumbi linaloziba nyota za nyuma yake. Mawingu ya aina hiyo hufikia nyuzi 260 hivi chini ya sifuri, na kwa baridi hiyo gesi huweza kuelemewa na uzito wake yenyewe hadi izae nyota. Haidrojeni yake haionekani ikipoa hivyo, kwa hiyo wataalamu hufuata kaboni monoksidi iliyochanganyika nayo. Ndivyo antena za redio za ALMA, kule Chile, zilivyochora mawingu ya galaksi 90, yaani makundi makubwa ya nyota kama Njia Nyeupe yetu, katika PHANGS, mradi wa kuchunguza jinsi nyota zinavyozaliwa katika galaksi za jirani.

Januari 2024 zilitolewa picha za galaksi 19 za mradi huo kutoka James Webb, darubini iliyo angani. Tulizionyesha ukutani: matundu kila mahali, kama mkate wa kumimina uliokatwa. Nyota changa ndizo zinazoyatoboa. Wingu huishi miaka milioni 10 hadi 30 tu, sehemu yake ndogo ikageuka nyota, na nyota hizohizo hulitawanya lililobaki. Jambo hili limenigusa kuliko yote ya mwaka huu.

Nina kosa la kusahihisha. Mwaka juzi niliwaambia vumbi linalong'aa kwenye Kilimia, kile kishada cha nyota, ni mabaki ya kuzaliwa kwake. Sivyo. Kilimia kina umri wa miaka kama milioni 100, na kinapita tu katika vumbi lisilo lake.

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nasema moja: kioo cha darubini kubwa kiliota kuvu wakati wa masika. Tumekisafisha, ila bila kabati kavu kitaharibika tena, na ninawaomba tulipitishe leo.

Desemba tunataka kutazama Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyo miaka nuru 160,000 hivi, yenye kitalu cha nyota kikubwa kuliko chochote katika Njia Nyeupe yetu. Hukaa chini upande wa kusini, taa za mji zinalimeza. Mwenye shamba au ndugu mahali penye giza upande huo amwone katibu kabla hatujatawanyika.