Madereva hatuombi bastola, tunaomba pa kulala

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu naendesha Fuso, nikahamia semi, mpaka nimestaafu, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Lakini ile habari yenu ya madereva wa malori wa Marekani na bastola zao kwenye kebini, na hasa mchambuzi wenu aliyemalizia kwa kutaka na sisi turuhusiwe, imeninyima usingizi wa mchana.

Mchambuzi kasoma nusu. Kweli huko Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomkataza mtu kuwa na silaha yake kwa sababu tu anaendesha lori. Ila kila jimbo lina lake: kibali cha Texas ukiingia nacho California ni karatasi tu. Ipo sheria yao ya mwaka 1986 inayomlinda anayepita jimbo hadi jimbo, kwa sharti silaha iwe haina risasi na imefungiwa mahali asipoweza kuifikia upesi. Sasa jambazi akikutokea, unamwomba asubiri utafute ufunguo? Na kampuni nyingi za kule zinakataza kabisa. Ukikutwa nayo, kazi huna.

Haya, njoo kwetu. Semi inatoka bandari ya Tanga, Segera, Chalinze, Dodoma, hadi Rusumo, inaingia Rwanda. Pale hata upande wa kuendesha unabadilika, kushoto kunakuwa kulia, sembuse kibali ulichopewa hapa kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015! Bastola utaiacha wapi? Kwa mama ntilie, akutunzie pembeni ya sufuria ya maharage?

Nimsimulie mchambuzi usiku mmoja tu. Nilikuwa na mzigo wa mbolea, tairi la ndani la trela likapasuka kati ya Kabuku na Mkata, saa nane usiku. Tukaweka matawi nyuma ya gari, maana reflekta tulishaibiwa safari iliyotangulia. Nikamwambia utingo apande juu ya mzigo alinde turubai mpaka kuche, mimi nikajilaza kwenye kebini na spana ya magurudumu kifuani. Nikashtuka. Nasikia turubai linavutwa, kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha mtu anashuka upande wa tangi. Nikajua wezi wa mafuta wameshafika na madumu yao. Nikafungua mlango polepole, nikashuka pekupeku kwenye kokoto, nikasimama kando ya gurudumu, roho inanidunda. Mara kivuli kinatoka porini, kinanijia moja kwa moja, kimeshika kitu kirefu. Spana nilishainyanyua, nilikuwa nalenga kichwa, kivuli kikapiga chafya. Chafya ile naijua, miaka minne nimelala nayo kwenye kebini moja! Kijana alikwenda kuchimba dawa, na kile kirefu ni chupa yake ya maji ya kujisafishia. Spana inakutaka umfikie mtu, na katika hatua zile mbili ndipo alipopiga chafya. Bastola ingemngojea? Leo yule kijana ni dereva, ana watoto watatu, akipita Tanga haachi kuja kunisalimia.

Na mafuta yaliibwa kweli. Usiku uleule, upande wa pili wa gari, sisi huku tunachekana.

Tajiri akanikata mshahara, na hapa sasa ndipo penye wizi ambao hamjauandika hata siku moja. Mafuta yakipungua, dereva. Turubai likichanwa, dereva. Gari na mzigo wake vikikutwa vimezidi tani 56 kwenye mizani, wakati aliyepakia yuko ofisini anakunywa chai, dereva ndiye anayelala mizani siku tatu, na posho yenyewe ilishaisha siku ya kwanza. Bastola itanisaidia nini hapo, nimtishe karani? Na ninyi madereva wenzangu msijione mmepona: mkishabadilisha tairi mnaondoka na jeki, mawe ya kuzuilia magurudumu mnayaacha katikati ya lami, bodaboda anakuja kuyavaa gizani. Yaokoteni!

Dawa ninayo, na haihitaji risasi. Kati ya Segera na Chalinze pajengwe maegesho matatu ya maana. Kila moja liwe na taa nne zinazowaka mpaka asubuhi, siyo za kuzinduliwa Jumatatu na kufa Ijumaa, na mlinzi mwenye mbwa. Choo kiwe na komeo la ndani, tena kiwe karibu, utingo asiwe na haja ya kwenda porini. Bastola mpeni mchambuzi wenu. Aje nayo Mkata wakati wa masika, alale juu ya mbolea siku tatu, na asisahau chupa ya maji.

Dereva mstaafu,
Makorora, Tanga